Tiba za usukani unaotangatanga: ipi inaponya, ipi inaficha ugonjwa

Kati ya vipuri vyote vinavyouzwa kama dawa ya usukani mlegevu, dampa ndiyo inayonunuliwa kwanza, na ndiyo yenye tiba ndogo kuliko zote. Kupendwa kwake kunaeleweka. Ni shokapu ya kulala tu, ina boliti mbili, hufungwa kwa nusu saa, na siku ya kwanza usukani huwa mzito kidogo kana kwamba umepata nguvu. Uzito huo ndio unaodanganya. Dampa huzuia mwendo wa haraka, haizibi nafasi iliyo wazi. Kiungo kilicholika milimita moja kitaendelea kucheza milimita ile ile, ila taratibu zaidi.

Tathmini hii inahusu pikapu na malori madogo ya zamani yenye chasisi na boksi la usukani (sanduku la gia linalogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa mkono), si yale ya reki na pinioni, ambapo usukani husukuma fimbo yenye meno moja kwa moja: Toyota Land Cruiser mfululizo wa 70, Hilux za ekseli ngumu mbele, Land Rover Defender, Chevrolet C/K za 1973 hadi 1987, Ford F-Series zenye mihimili miwili mbele, na ndugu zao. Kila kipuri na kila huduma imepimwa kwa swali moja: inaondoa chanzo, au inamfanya dereva asikihisi?

Lipo jambo la hesabu linalobadilisha mpangilio mzima wa manunuzi. Chukua mkono wa pitmani, yaani ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma fimbo za usukani, wenye urefu wa mm 150, boksi lenye uwiano wa 16 kwa 1, na usukani wenye kipenyo cha mm 400. Milimita moja tu ya plei, yaani nafasi ya kucheza, kwenye kiungo cha ncha ya mkono huo huwa takriban mm 21 kwenye ukingo wa usukani. Vitabu vingi vya ufundi vya magari haya huweka kikomo cha plei kwenye ukingo kati ya mm 30 na 40. Kwa hiyo viungo viwili vilivyolika kiasi ambacho jicho la haraka halikioni vinatosha kulifikisha gari kwenye kikomo, boksi likiwa zima kabisa. Na hapo ndipo watu wanapong'oa boksi.

Kipimo kisicho na gharama

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo cha watu wawili. Gari likae chini kwa magurudumu yake, si kwenye jeki, maana viungo vinatakiwa kubeba mzigo wake wa kawaida. Injini iwake kama usukani ni wa hidroliki, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe na matairi ya nyuma yawekewe vizuizi. Mmoja azungushe usukani kushoto na kulia kwa kiasi cha sentimita 10 hadi 15 kwenye ukingo, bila kukoma. Mwingine aangalie chini na kugusa kila kiungo kwa kidole, akianzia juu. Kidole huona zaidi ya jicho: kiungo kilicholika hugonga kwa kishindo kidogo kila mwelekeo unapogeuka.

Usukani ukizunguka bila shafti inayoingia kwenye boksi kuzunguka, tatizo liko kwenye viungo vya shafti ya kati. Shafti ikizunguka na mkono wa pitmani ukabaki umetulia, ni boksi. Mkono ukienda na gurudumu likabaki, ni vichwa (viungo vya ncha) vya tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili, au vya draglinki, fimbo inayotoka kwenye mkono wa pitmani. Boksi lenyewe likijongea kwenye chasisi, ni boliti zilizolegea au chuma kilichopasuka. Na ekseli nzima ikisogea kando badala ya magurudumu kugeuka, ni bushi za springi, shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi), au fimbo ya Panhard (inayozuia ekseli kusogea kando).

Halafu pandisha gurudumu moja moja kwenye jeki. Lishike juu na chini, ulivute na kulisukuma. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki. Plei ikitoweka, ni beringi za haba (kitovu cha gurudumu). Ikibaki, ni kingpini au boljointi, yaani viungo ambavyo gurudumu hugeukia. Likicheza kwa kulishika kushoto na kulia tu, ni dalili ya vichwa vya tairodi. Dakika kumi na tano zinatosha kwa yote haya, na hakuna kipuri dukani kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Vichwa vya tairodi na draglinki

Hivi ndivyo tiba yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwenye gari la zamani, na ndivyo pia vinavyotofautiana sana kwa ubora. Tatizo ni kwamba kwa nje vyote vinafanana: rangi nyeusi, buti la mpira, nati yenye meno.

Tofauti iko ndani. Kichwa kizuri kina mpira wa chuma uliosuguliwa hadi kung'aa, umekalia kikombe cha plastiki ngumu au cha chuma kilichokandamizwa, na shingo yake husogea kwa ukinzani ulio sawa pande zote. Kikiwa kipya mkononi, kisukume kwa kidole gumba. Kinatakiwa kiende kwa shida, bila kukwama popote na bila kuanguka chenyewe. Kinacholegea kikiwa bado kwenye boksi la duka kitakuwa takataka baada ya msimu mmoja wa barabara mbovu. Majina kama 555 ya Sankei kutoka Japani, TRW na Lemförder yamejijengea heshima kwenye viungo hivi. Nembo yoyote inayopendwa huigwa, kwa hiyo angalia maandishi yaliyopigwa kwenye chuma chenyewe, si karatasi ya boksi pekee.

Vyenye nipeli ya grisi au vilivyofungwa? Kwa gari linalopita kwenye matope na maji, vyenye nipeli vinashinda, mradi mwenye gari awe mtu wa kupiga grisi kweli. Grisi ya lithiamu ya namba 2 inatosha. Piga hadi buti lianze kuvimba kidogo, kisha acha. Buti lililopasuliwa kwa grisi nyingi huingiza mchanga, na mchanga hula kuliko ukavu. Mwenye gari asiyekumbuka grisi anunue vilivyofungwa na asijidanganye.

Kuna kosa moja la uchunguzi linalowagharimu wengi. Baadhi ya vichwa vina springi ndani inayosukuma mpira kwenye kikombe chake. Ukivibana kwa koleo kubwa vitaingia kidogo na kurudi, na fundi asiyejua atasema vimekufa. Hiyo si plei. Plei inayohesabika ni ya kando, ile inayotokea usukani unapozungushwa.

Wakati wa kufunga, kinachoharibu kazi mara nyingi si kichwa chenyewe ila tundu linalokipokea. Shingo ya kichwa imechongwa kama kabari ya mviringo, na inatakiwa ishike tundu la mkono kwa urefu wote. Gari lililotembea muda mrefu na nati iliyolegea huwa na tundu lililopanuka. Paka shingo wino wa kalamu nene, iingize kwa mkono, izungushe nusu duara, itoe. Wino ukifutika kote, ni salama. Ukifutika kwenye ukingo wa juu tu au wa chini tu, mkono ule umekwisha, na kichwa kipya kitaanza kucheza humo kabla ya mwezi kwisha. Wengine hukata kopo la soda na kulizungushia shingoni ili ijae. Usimruhusu mtu akufanyie hivyo kwenye usukani.

Nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu, ambacho kwenye pikapu nyingi huwa karibu na Nm (nyutoni-mita) 70 hadi 90. Tundu la kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) lisipolingana, songa mbele hadi meno yafuatayo. Kurudi nyuma "kidogo tu" ili pini ipite ndiko kunakolegeza kabari, na kwa hilo hakuna msamaha. Kabla ya kufungua kichwa cha zamani hesabu mizunguko yake na uiandike, ukikumbuka kwamba upande mmoja una uzi wa kushoto. Hakikisha uzi umeingia kwenye bomba la katikati kwa urefu sawa pande zote mbili, na kwamba vibano vya bomba havigusi ekseli wala springi usukani ukigeuzwa hadi mwisho.

Uamuzi: nunua, na ununue vyote kwa mpigo. Kubadilisha kimoja kati ya vinne ni kuhamishia mapigo kwenye vitatu vilivyochoka.

Krosi na kiungo cha mpira kwenye shafti

Sehemu hii, yaani viungo vya shafti inayotoka kwenye usukani hadi boksi, hurukwa na karibu kila mtu kwa sababu iko juu, karibu na bomba la moshi, na haionekani gari likiwa kwenye jeki. Hapa hakuna uwiano wa boksi unaokuza plei, kwa hiyo hesabu ni ndogo: nyuzi (digrii) mbili za plei huwa kama mm 7 kwenye ukingo. Lakini ni milimita zinazosikika moja kwa moja mkononi, na mara nyingi ndizo zinazoleta ile hisia ya usukani uliokatika na gari.

Magari mengi ya Kimarekani ya zamani yana diski ya mpira na turubai iliyofungwa kwa boliti. Mpira ukioza, diski hujikunja kabla ya kugeuza shafti. Vifaa vya kuijenga upya huuzwa na vinafaa, ila visafishe vishimo vya pini za usalama kabla ya kufunga: pini hizo zipo ili usukani usikatike kabisa mpira ukipasuka. Shafti mpya yenye krosi mbili za chuma huondoa ulegevu wote na kuleta mtetemo kidogo zaidi wa barabara. Kwa lori la kazi, mtetemo huo ni bei nafuu. Yenye diski upande mmoja na krosi upande wa pili ni suluhu ya kati nzuri kuliko zote kwa gari la safari ndefu.

Ukiona splaini (meno) za shafti ya kuteleza zinacheza, usipoteze muda kwa grisi. Badilisha shafti.

Boksi: kurekebisha, kujenga upya, au kununua lililojengwa

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Boksi la mipira ya chuma (golori) inayozunguka lina plei za aina tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mnyoo: shafti inayoingia inasogea mbele na nyuma kwa sababu beringi zake zimelegea. Ya pili ni kati ya meno ya sekta (kipande cha gia kinachogeuza mkono wa pitmani) na nati ya mipira inayotembea juu ya mnyoo, na hii ndiyo inayorekebishwa kwa ile skrubu ya juu. Ya tatu ni ya bushi au beringi za shafti ya sekta, ile inayotoka chini na kushika mkono wa pitmani. Shika mkono wa pitmani usukani ukiwa umetulia, ujaribu kuuyumbisha kando. Ukiyumba, plei ni ya tatu, na hakuna skrubu duniani itakayoiondoa. Mara nyingi boksi kama hilo huwa pia linavuja kwenye sili ya chini, maana shafti inayoyumba hula sili yoyote utakayoweka.

Skrubu ya juu ndiyo adui wa maboksi. Meno ya sekta yamechongwa yakabane zaidi katikati kuliko pembeni, ili gari likienda moja kwa moja pasiwe na nafasi, na likikata kona usukani urudi kwa urahisi. Fundi akikaza skrubu magurudumu yakiwa yamegeuka, anapima sehemu iliyolegea kwa makusudi, na boksi likifika katikati linajibana. Matokeo yake yanachekesha kwa uchungu: gari linatangatanga zaidi ya mwanzo. Usukani haurudi wenyewe, dereva anausahihisha, unapita kipimo, anausahihisha tena. Ugonjwa mpya wenye sura ya ule wa zamani.

Utaratibu sahihi ni huu. Zima injini, inua magurudumu, tenganisha draglinki na mkono wa pitmani. Zungusha usukani hadi mwisho upande mmoja taratibu bila kugonga, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili. Gawanya kwa mbili, rudi hapo. Hapo ndipo katikati ya boksi. Hakikisha kwanza mnyoo hauna plei ya mbele na nyuma; kama unayo, hiyo irekebishwe kabla ya skrubu. Legeza nati ya kufungia huku ukishika skrubu isizunguke, kisha kaza skrubu sehemu moja ya nane ya mzunguko, funga nati, pima tena. Kwa maboksi mengi kukaza ni kwa mwendo wa saa, lakini thibitisha kwenye kitabu. Ukihitaji zaidi ya robo ya mzunguko, boksi linahitaji kufunguliwa, si kukazwa. Kwa maboksi ya hidroliki ya aina ya Saginaw, ya Kimarekani, ukinzani wa ziada unaotakiwa katikati ni mdogo sana, chini ya Nm 1. Mtu hawezi kuubahatisha kwa mkono.

Kabla hujarudisha draglinki, angalia jambo ambalo wauzaji hawalitaji: magurudumu yakiwa yamenyooka, je, boksi liko katikati yake? Gari lililowahi kuinuliwa springi au kubadilishwa draglinki mara nyingi hutembea na boksi lililo robo mzunguko nje ya katikati, yaani kwenye sehemu yenye ulegevu wa makusudi. Usukani wenyewe umeng'olewa na kurudishwa ukiwa umenyooka, kwa hiyo hakuna anayeshuku. Tiba ni kurefusha au kufupisha draglinki hadi boksi na magurudumu vikubaliane. Haigharimu kitu, na imewahi kufufua maboksi yaliyokuwa yameshahukumiwa.

Boksi likiwa limekwisha kweli, huduma za kujenga upya zina daraja mbili, na bei pekee haikuambii unapata ipi. Daraja la chini hubadilisha sili, hupaka rangi, hukaza skrubu. Utalirudisha ndani ya mwaka. Daraja la juu hupima shafti ya sekta na kuibadilisha ikiwa ina mfereji, huweka beringi au bushi mpya, huweka mipira mikubwa kidogo ili kuziba nafasi kati ya mnyoo na nati, kisha huendesha boksi kwenye meza ya majaribio kwa shinikizo la mafuta. Uliza maswali mawili tu: shafti ya sekta inapimwa kwa kifaa gani, na mipira inabadilishwa au la? Anayeanza kukueleza habari za sili amekwisha jibu.

Boksi jipya halifungwi kwenye mafuta ya zamani. Chembe za chuma kutoka kwenye pampu na mabomba zitalila. Suuza mfumo, badilisha kichujio cha tangi kama kipo, na tumia aina ya mafuta iliyoandikwa kwenye kifuniko. Kutoa hewa: magurudumu juu, injini imezimwa, usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara ishirini huku ukiongeza mafuta, ndipo uwashe. Kuwasha mapema hupiga mafuta povu, na povu hulia kama pampu mbovu. Nati ya mkono wa pitmani ina kipimo kikubwa, karibu Nm 250 kwenye maboksi mengi ya Saginaw. Spana ya kawaida na nguvu za mtu havifiki hapo.

Uamuzi: boksi lililojengwa vizuri ni ununuzi mwema kwa gari lililothibitishwa kulihitaji. Kwa mengine ni anasa.

Bamba la kuimarisha chasisi

Chevrolet za 1973 hadi 1987 zinajulikana kwa kupasuka chasisi pale boksi linapofungiwa, hasa zenye matairi makubwa. Safisha sehemu hiyo kwa brashi ya waya na uangalie mistari ya kutu inayotoka kwenye matundu ya boliti. Mabamba ya kufunga kwa boliti pande zote mbili za ukuta wa chasisi yanafanya kazi, na yanaweza kukaguliwa baadaye. Ya kuchomelea yana nguvu zaidi mikononi mwa mchomeleaji mzuri, lakini ufa lazima utobolewe kwanza kwenye ncha zake kwa keekee ya mm 3 hadi 5, la sivyo utaendelea kutembea chini ya bamba.

Kabari za kasta

Kuna gari ambalo halina plei popote na bado linatangatanga kama mbwa anayenusa. Hilo lina upungufu wa kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa kugeuzia gurudumu, unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe. Malori mengi ya zamani yalitoka kiwandani na kasta ndogo kwa sababu yalikuwa na usukani usio na hidroliki na matairi ya nyuzi za mshazari. Leo yanavaa radiali, na mengine yamewekewa hidroliki. Kwa mchanganyiko huo nyuzi 3 hadi 5 za kasta huleta utulivu mkubwa. Kuinua gari nako hula kasta: kwenye ekseli yenye mikono ya redio (mikono mirefu inayoishika ekseli kwenye chasisi) kama ya Defender, kila mm 25 huondoa takriban uzi mmoja au zaidi.

Kwa gari la springi za majani mbele, kama Land Cruiser 70 za kabla ya 1999, kabari ndiyo njia nyepesi. Nunua za chuma. Za aluminiamu husagika chini ya uzito, yuboliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) hulegea, na ekseli huanza kutembea yenyewe. Upana wake ulingane na springi, na usizipange moja juu ya nyingine. Utahitaji boliti ya katikati iliyo ndefu kidogo, na yuboliti mpya.

Mwelekeo wake ndio unaokosewa. Springi zikiwa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari uelekee nyuma ya gari. Springi zikiwa chini ya ekseli, upande mnene uelekee mbele. Ukikosea, unaondoa kasta badala ya kuongeza, na gari halitaendesheka. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele pia (4x4), jua pia kwamba kila uzi unaoongeza huinamisha pua ya difu chini na kuipa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) pembe mbaya. Kabari za nyuzi 2 hazina shida. Ukiweka za nyuzi 4, kagua krosi za propela. Za nyuzi 6 kwa gari la aina hiyo ni kutafuta ugomvi.

Bushi za plastiki ngumu

Kwa haraka: kwenye shakeli na fimbo ya Panhard ni nzuri, zinabana ekseli isitembee kando. Kwenye mikono ya redio zinakataa kujipinda, na ekseli inahitaji kujipinda humo. Mpira wa kawaida wenye ubora ni bora. Zipakwe grisi ya silikoni na si ya madini. Usisahau bushi za springi za nyuma: ekseli ya nyuma inayosogea huliendesha gari kutokea nyuma, na dereva hulaumu usukani.

Dampa, kwa haki yake

Dampa ina kazi moja halali: kutuliza pigo la shimo au jiwe lisifike mkononi, hasa kwa matairi makubwa. Kuipima, ifungue kabisa na uendeshe taratibu mahali salama. Kutangatanga kukibaki vile vile, dampa haihusiki. Gari likianza kutikisa magurudumu kwa nguvu kushoto na kulia, basi dampa ilikuwa inaficha kingpini, fimbo ya Panhard au balansi mbaya, na siku itakapochoka itafichua yote kwa mpigo, pengine kwenye kasi. Epuka za gesi zenye fimbo upande mmoja tu: gesi husukuma fimbo nje muda wote, na gari huvuta upande mmoja. Za mafuta zinatosha.

Huduma ya alaimenti

Hii ije mwisho, baada ya vipuri, na ubora wake hutofautiana kuliko kipuri chochote. Huduma nzuri huanza kwa kukagua viungo na kukataa kupima gari lenye plei. Hupima kasta, kemba (mlalo wa gurudumu kwa kando), tou (tofauti ya umbali kati ya matairi kwa mbele na kwa nyuma) na mwelekeo wa ekseli ya nyuma, na hutoa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Hunyoosha usukani kwa kurekebisha draglinki, kamwe si kwa kuung'oa kwenye splaini. Huduma mbaya hugusa tou pekee na kukuambia kasta "hairekebishiki kwenye gari hili".

Tou unaweza kuipima mwenyewe. Inua kila gurudumu, lizungushe huku msumari ulioegemezwa ukichora mstari mwembamba kwenye kashata ya tairi, ile sehemu inayokanyaga barabara. Shusha gari, lisukume mbele mita mbili au tatu ili viungo vikae. Pima umbali kati ya mistari kwa nyuma ya matairi, kwenye kimo cha haba, weka alama. Sukuma gari mbele tena hadi alama zije mbele kwenye kimo kile kile, upime. Usilirudishe nyuma hata kidogo, maana plei itabadilisha jibu. Kwa pikapu nyingi zenye radiali mbele ya matairi huwa pembamba kuliko nyuma kwa mm 1 hadi 3. Defender ni tofauti: magurudumu yake ya mbele huvutwa na injini muda wote, na hutakiwa yafunguke kidogo mbele. Ukiipa kipimo cha Hilux itatangatanga, na karatasi ya mashine itakuwa na rangi ya kijani kibichi tupu.

Kabla ya kwenda huko, linganisha upepo wa matairi na kibandiko cha mlangoni, na usome tarehe ya tairi: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka, hivyo 3514 ni wiki ya 35 ya 2014. Gari likivuta upande mmoja, badilishana matairi ya mbele kushoto kwa kulia. Mvuto ukihama nayo, ni tairi, na hakuna alaimenti itakayoliponya. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ya kipimo: yuboliti, boliti za boksi, na nati ya pitmani. Kabari mpya hasa hukaa na kuacha yuboliti zikiwa zimelegea robo ya mzunguko, bila kutoa sauti yoyote.